Kikombe cha Dada wa Chini

Tone lililovimba Jumamosi ile lilikuwa la maji ya chumvi, na maji ya chumvi hayana sababu ya kumvimbisha mtu yeyote. Ndiyo maana huwekwa. Dokta Nagwa alikuwa amepanga matone yake ya kupimia mzio kwenye mkono wa mtoto kama kawaida: hili la ufuta, hili la karanga, hili la maziwa, na mwisho lile la maji ya chumvi, la kupimia kama ngozi inasema kweli. Alichoma kila tone kwa ncha ya sindano, akasubiri. Ufuta ulivimba, kama walivyotazamia. Kisha tone la mwisho nalo likainuka, jeupe katikati, jekundu pembeni, likaupita ufuta kwa ukubwa.

"Umechanganya chupa, Inshirah?"

"Nichanganye mimi, Dokta? Nimeifungua mbele ya macho yako," alijibu nesi Inshirah, mwanamke mnene ambaye kwa kawaida sauti yake husikika mpaka kwenye lifti. Siku hiyo alinong'ona.

Walirudia kwenye mkono wa pili. Likavimba tena.

Kuna jambo lilitangulia hapo, dogo mno hata hakuna aliyelitia maanani. Mtoto, Sidra, msichana wa miaka saba, aligonga goti alipokuwa akipanda kitanda. Mama yake, Ibtisam, akasema yale ambayo mama yeyote wa Misri huyasema mtoto akijikwaa: "Jina la Mungu juu yako, na juu ya dada yako."

Sidra hana dada. Maneno hayo ni ya yule mwingine, yule anayezaliwa chini ya ardhi saa ile ile unayozaliwa wewe juu, mwenye sura yako na jina lako, asiyepata ziwa pale wewe unapopewa ziwa. Awe wa mvulana au wa msichana, huitwa dada. Ukianguka, umemwangukia yeye. Kwa hiyo hutajwa kidogo, apoe, asije akaona wivu akapanda kudai fungu lake. Ni adabu tu, kama unavyomsalimu jirani mkorofi ili ulale kwa amani.

"Mama Sidra, samahani," alisema Dokta Nagwa. "Humu ndani maneno hayo hapana."

Ilikuwa sheria ya utafiti wake. Kila mtoto aambiwe maneno yale yale, pasiwe na dua ya huyu na nyimbo za yule, maana mtoto akimwona mamake kaingiwa na hofu, naye moyo humwenda mbio, vipimo vikaharibika. Sheria ina akili, na Nagwa mwenyewe ndiye aliyeitunga.

"Hata jina la Mungu, Dokta?"

"La Mungu liseme moyoni. La huyo dada usiliseme hata moyoni," alisema Nagwa, akacheka.

Kicheko kile ndicho kilichomponza. Mwanamke huyu alizaliwa kijijini, kando ya mfereji, na mamake alimtajia dada yake kila alipochubua goti. Alijua. Lakini ukishavaa koti jeupe miaka mingi, unadhani hata majini yanasoma majarida yako.

Sasa, mtu akiwa na mzio wa ufuta bora azaliwe mji mwingine, si Tanta. Sisi hapa tunakula ufuta kwenye mkate, kwenye halua, kwenye peremende za maulidi, na msimu ukifika unauvuta hata puani. Tena baba yake Sidra, Hamdi, ni fundi wa halua. Anakoroga masufuria tangu alfajiri, na ufundi mwingine hana. Siku moja alirudi kazini, hajanawa, akambusu mwanawe shavuni kama baba yeyote. Mtoto alivimba koo, akakimbizwa hospitali kwa tuktuk akiwa amegeuka rangi. Tangu hapo Hamdi anaoga, anabadili nguo, halafu anasimama mlangoni na kubusu kiganja chake mwenyewe, anampungia. Hajamgusa mwanawe kwa midomo tena.

Utafiti wa Nagwa ulikuwa wa kumzoesha Sidra ufuta. Kila Jumamosi Sidra alipewa kikombe cha mhalabia, uji mzito wa maziwa wenye maji ya waridi, uliotiwa chembe ya ufuta. Juma hadi juma chembe iliongezwa. Siku atakayomaliza kikombe chenye kijiko kizima cha ufuta uliosagwa na asidhurike, siku hiyo baba yake angeweza kumbusu. Hilo ndilo walilokuwa wakilisubiri wote watatu, mama, baba na mtoto.

Nagwa naye alikuwa na la kwake. Mumewe alimwacha kwa kuwa hakuzaa, na ingawa Nagwa alisema jambo hilo limekwisha, halikuwa limekwisha. Alimpenda Sidra kupita wenzake wote wodini. Alimletea utepe wa nywele, kikombe chenye picha ya sungura, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe wakati watoto wengine walilishwa na Inshirah. Juma moja Sidra alifungua mdomo apokee kijiko, akasema bila kufikiri, "Tena, mama." Nagwa akaona haya, na furaha ikamjaa usoni. Ibtisam akageukia dirishani, akajitia kutazama magari. Wivu ulikuwa umejaa mle chumbani hata kabla ya yule wa chini hajapanda.

Alipanda polepole. Kwanza ilikuwa harufu ya ufuta unaokaangwa, ikitoka chini ya kitanda, wakati ufuta wa utafiti ulikuwa umefungiwa kwa mfamasia. Kisha utepe ukakutwa umefungwa mafundo mafundo hata ikabidi ukatwe kwa mkasi. Kisha ikaja sauti. Sidra akila, kijiko chake kikigonga kikombe, kijiko kingine kiligonga kikombe kingine, nyuma kidogo, kikikwangua kwa nguvu mahali pasipo na kitu.

"Umesikia hiyo?" Inshirah alinong'ona.

"Ni chumba cha pili."

"Chumba cha pili kimefungwa tangu Sikukuu, Dokta. Ufunguo ninao mimi, huu hapa kifuani."

Sidra aliinama akamwambia Nagwa sikioni, "Anauliza kwa nini mimi tu."

"Nani, kipenzi?"

"Mwenzangu. Anasema utepe ni wangu, kikombe ni changu, na wewe pia ni wangu. Yeye ana nini?"

Nagwa alimvua mtoto shati apime mapafu, akakuta juu ya mkono wake wa kushoto vivimbe vitano, vinne upande huu na kimoja upande ule, kama alama za vidole vya mtoto aliyemshika mwenzake kwa kumng'ang'ania. Alimpa dawa ya kutuliza ngozi, akamshusha mtoto shati, akasema ni joto.

Ibtisam alimfuata ukumbini. "Dokta wangu, niruhusu niseme maneno yangu. Mara moja tu."

"Tumebakiza kikombe kimoja, Mama Sidra. Ukiyasema sasa utaniharibia kazi yote."

"Kazi yako, au mwanangu?"

"Vyote ni kimoja," alisema Nagwa, na maneno hayo Ibtisam hajayasahau mpaka leo.

Jumamosi ya kikombe cha mwisho Hamdi alikuja, kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameoga hata ngozi ya vidole imejikunja, amevaa kanzu mpya, akakaa kwenye benchi ukumbini, mikono magotini, kama bwana harusi anayengoja kuitwa. Hakuthubutu kuingia. Jua la asubuhi lilikuwa limejaa chumba kizima, na watoto walisikika wakicheka wodini.

Sidra alikula. Kijiko cha kwanza, salama. Cha pili, salama, na kile kijiko kingine kikigonga nyuma yake. Nagwa alijifanya hasikii. Kilipobaki kidogo, vijiko vikaanza kugonga pamoja, kisha kile kingine kikatangulia, na harufu ya ufuta wa kukaangwa ikapanda kutoka sakafuni nzito hata Inshirah akaziba pua, na midomo ya Sidra ikaanza kuvimba, na macho, na shingo, na mtoto akashika koo akitazama chini ya kitanda wala si usoni pa daktari, na Nagwa akaita adrenalini, akamchoma pajani, akangoja ile nafuu anayoijua vizuri kuliko jina lake, isije, akachoma tena, isije, hewa ikifunguliwa mtoto haivuti, Ibtisam akiwa amepiga magoti bila sauti kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa, anyamaze, na chini ya kitanda kile kijiko kikikwangua, kikikwangua, kikombe ambacho hakuna aliyewahi kukitia kitu.

Basi Dokta Nagwa akavunja sheria yake. Alinyakua kikombe kingine mezani, akakijaza mhalabia, akakiweka sakafuni chini ya kitanda. Akainama hata shavu likagusa vigae.

"Jina la Mungu juu yake," alisema. "Na juu ya dada yake."

Angeishia hapo. Maneno ni hayo tu, yametosha tangu enzi za mabibi zetu. Lakini kule juu Sidra alikuwa akikoroma, na Nagwa alikuwa amejaa uchungu ambao si wa daktari, ukamtoka wote kwa pamoja.

"Njoo ule, kipenzi. Usilie. Nawe ni mwanangu. Mwache huyu, uje kwangu mimi."

Kijiko kilinyamaza. Kisha kikasikika tena, taratibu, kikichota kitu laini. Juu ya kitanda Sidra akavuta pumzi ndefu yenye mluzi, akavuta nyingine, akaanza kulia kwa sauti, kilio kizuri kuliko vyote vilivyopata kusikika mle ndani.

Walimlinda kitandani mpaka jioni, naye hakuvimba tena. Inshirah alipokivuta kile kikombe cha sakafuni kilikuwa kitupu, kimerambwa hadi kung'aa.

Ibtisam alikuwa amemkumbatia mwanawe, lakini macho yake yalikuwa kwa Nagwa. Hakukuwa na wivu tena machoni mle. Kulikuwa na huruma, na Nagwa hakuipenda.

"Dokta," alinong'ona. "Umemwambia nini?"

"Nimesema maneno yako. Si uliyataka?"

"Yangu nayajua. Sisi tunamtaja apite, Dokta. Hatumwiti. Hakuna mtu anayemwambia yule, 'Wewe ni mwanangu.'"

Wakati huo Hamdi aliingia. Kumbe alikuwa amesimama mlangoni muda wote, na mkewe alipomfanyia ishara alikuja akinyata, akainama, akambusu Sidra shavuni. Akakaa hapo hapo bila kuinuka, mabega yakimtikisika. Wote wakalitazama shavu la mtoto. Lilibaki kama lilivyo. "Baba, unanuka halua," alisema Sidra, na Hamdi akacheka huku machozi yakimtiririka kwenye masharubu.

Nagwa alicheka nao. Alikwenda nyumbani akijiona mshindi, na nani angemlaumu. Usiku huo alilala vizuri. Asubuhi alikuta bakuli lake la maziwa limekwisha kunywewa, na utepe mmoja wa Sidra, ule uliokatwa kwa mkasi, umeunganishwa na kuwekwa juu ya mto wake. Alijiambia ameuleta mwenyewe, akasahau.

Jumamosi iliyofuata aliletwa mtoto mpya, Zeyad, mvulana mwenye mzio wa samaki na maswali chungu nzima. Nagwa alikuwa amekwisha kuifuta ile sheria ya ukimya. Alimpandisha kitandani mwenyewe, akamshika kidevu, akasema waziwazi mbele ya mama yake, "Jina la Mungu juu yako, na juu ya dada yako." Inshirah akaitikia amina. Nagwa akapanga matone: la samaki, la karanga, la maziwa, na mwisho la maji ya chumvi.

"Hili la mwisho la nini?" aliuliza Zeyad.

"Hili halifanyi kitu, mwanangu," alisema Nagwa.

Neno lile, mwanangu, lilimtoka kwa mazoea. Tone la maji ya chumvi likaanza kuinuka. Harufu ya ufuta ikajaa chumbani, na chini, mahali pasipo na mtu, mkono mdogo ukashika pindo la koti lake jeupe, ukalivuta kama mtoto anavyomvuta mzazi wake sokoni.

"Mama," ilisema sauti, ndogo, ya kununa. "Na huyu naye ni nani?"