Si Presha, Si Pombe

Mama yangu ni fundi rangi. Si rangi ya kucha. Ya kuta na dari. Akirudi kazini nywele zina madoa meupe, na shangazi humtania, "Wifi, leo umezeeka tena." Mama hucheka.

Siku ile hakucheka. Alirudi mapema, kiwiko kinatoka damu.

"Nimeanguka kwenye ngazi," akasema. "Nimeinua uso nipake dari, chumba chote kikazunguka. Na yule Msumari, mbele ya mafundi wote, kaniita mlevi!"

Msumari ni msimamizi wao. Wamempa jina hilo kwa sababu maneno yake yanachoma.

"Eti nikalale nilevuke. Akiniona nayumba tena, ngazi anampa mwingine."

Mama hanywi. Hata soda inamletea kiungulia. Nilikasirika sana. Lakini mimi hasira zangu ni za kimya. Watu wakinitazama, ulimi unakuwa mzito.

"Hiyo ni presha," shangazi akasema.

Kwetu kila kitu ni presha. Ukichelewa kuamka, presha. Ukifeli hesabu, presha. Akaleta vidonge vyake mwenyewe. "Meza hivi. Mimi vimenisimamisha."

Mama akameza. Mambo yakazidi. Sasa akisimama tu, macho yanaingia giza. Na usiku akijigeuza, anang'ang'ania godoro na kulia, "Nishikeni, naanguka!" Mtu yuko kitandani, anaangukia wapi?

Asubuhi nikamwambia, "Mama, twende zahanati."

"Msumari akijua naumwa, kazi imekwenda."

"Na ukianguka tena, ukatua kwa kichwa?"

Akavaa viatu.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mkali. "Tatizo nini?"

"Presha, daktari," mama akasema.

Daktari akampima. "Presha yako iko chini. Unameza dawa gani?"

"Kanipa wifi yangu."

"Wifi yako amefungua duka la dawa? Dawa ya mwenzako inaweza kukuangusha ukafa! Acha leo hii. Haya, usiniambie presha. Niambie unaona nini."

Mama akainama. Aliogopa. Na mimi nikaona kabisa atarudi nyumbani vilevile, na kazi itakwenda, na ataitwa mlevi mpaka uzee. Hasira ikanisukuma.

"Nyumba inamzunguka," nikasema. Sauti ilitoka kubwa, nikashtuka. "Akigeukia kulia kitandani. Au akiinua uso. Kabla sijapata ndala zangu, kizunguzungu kimeshaisha. Lakini akigeuka tena, kinarudi."

Daktari akanigeukia. "Hayo ndiyo maneno niliyokuwa natafuta."

Akamuuliza mama kama anasikia vizuri, kama mkono au mguu umelegea, kama ulimi unakwama au anaona vitu viwili viwili. "Ukiona hayo, au kichwa kinauma ghafla kuliko siku zote, kimbilia hospitali kubwa. Usisubiri." Mama hakuwa nayo.

"Ulijigonga kichwa karibuni?"

"Kwenye fremu ya mlango."

"Huenda ndiyo sababu. Wengine ni umri, wengine hatujui. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo kama chumvi. Zina mahali pake. Zikichomoka, zinaingia kwenye vijibomba vyenye maji. Ukigeuza kichwa zinabiringika, maji yanatikisika, na sikio linaudanganya ubongo kwamba unazunguka."

Akamkalisha mama kitandani, akamgeuza uso kulia, akamlaza haraka, kichwa kikining'inia kidogo. Mama akapiga kelele. Nikaona macho yake yanarukaruka yenyewe.

"Hapo! Ni sikio la kulia."

Hakumwachia. Kizunguzungu kilipotulia, akamgeuza uso kushoto. Akasubiri. Akamlaza kwa ubavu wa kushoto, pua ikitazama sakafu. Akasubiri tena. Kisha akamkalisha taratibu. "Nazirudisha chembe kwao," akasema. "Bila kidonge. Zikitoroka tena, njoo, tunarudia. Ngazi usipande mpaka nikuone."

Usiku ule mama alijigeuza mara nyingi, kwa makusudi. Hakupiga kelele.

Daktari alipomruhusu, nilimsindikiza kazini.

"Umelevuka?" Msumari akauliza.

Mama akasimama katikati ya chumba. "Nilikuwa naumwa sikio, limetibiwa. Mlevi uliniita mbele ya hawa. Futa mbele ya hawa."

Brashi zote zikasimama. Msumari akakohoa.

"Basi, mama, yamepita..."

"Kwako yamepita. Mimi sijasikia kitu."

"Hukulewa. Nilikosea."

Mama hakusema asante. Alibeba ndoo ya rangi, akapanda ngazi, akainua uso, akapaka dari.