Udi wa Siku ya Jumanne

Asubuhi ya Jumanne, Swabra alimkuta kaka yake Anwar amechutama mbele ya chetezo, shati lake la skuli kalitanda juu ya moshi wa udi.

"Makubwa! Leo kuna harusi ya nani?" Swabra alimtania. "Udi wa Mama ni wa Ijumaa."

"Kwani mtu asinukie?" Anwar akajibu bila kucheka. "Hebu twende, tutachelewa."

Wakaenda pamoja mpaka skuli yao hapo Magongo, kama kila siku. Swabra alikuwa kiranja wa afya, na maandishi mekundu ukutani, HAPA HAVUTI MTU, aliyaandika yeye mwenyewe.

Wakati wa mapumziko, mara mayowe! Nyuma ya stoo ya viti nyasi kavu zilikuwa zikiwaka, na ukuta wa stoo ile ndio ukuta wa darasa la chekechea. Watoto wadogo wakatolewa nje wakikohoa na kulia. Wakubwa wakaumwagia moto mchanga mpaka ukazimika. Mlinzi akaokota kipisi cha sigara, kisha akasema aliwaona wavulana wawili wakitokea huko nyuma: Fondo na Anwar.

Mwalimu mkuu, Bi Margret, aliwaita wote wawili ofisini, na Swabra naye akaitwa kwa kuwa ni kiranja wa afya. Bi Margret alisimama kwa hasira. Akamsogelea Anwar, akanusa shati lake. Lanukia udi. Akamnusa Fondo, akarudi nyuma.

"Wanuka moshi, Fondo!"

"Ni moshi wa kuni, mwalimu. Kila asubuhi namsaidia mama kukaanga samaki. Kule nyuma nilifuata mpira, wallahi."

"Kila mkosaji ana hadithi. Chukua mkoba wako uende nyumbani. Halmashauri ya skuli ndiyo itakayoamua kama utarudi."

Machozi yakamtoka Fondo. Anwar alikuwa akitazama sakafu, na hapo ndipo Swabra alipoelewa. Udi ule haukuwa wa kunukia, ulikuwa wa kufunika harufu nyingine! Atamsemaje kaka yake mbele ya watu? Nyumbani wamefunzwa kwamba aibu ya ndugu husitiriwa. Lakini Fondo alikuwa ameshashika mlango, na akitoka pale huenda asirudi tena.

"Swabra! Mbona wahangaika hivyo?"

"Abee, mwalimu." Akamgeukia Anwar. "Kaka, sema mwenyewe. Nakuomba, usiningoje mimi nikusemee."

Anwar akamtazama dada yake kwa jicho kali, kisha akainamisha uso.

"Ni mimi, mwalimu," akasema. "Nilianza wakati wa likizo, nikawa siwezi kuacha. Leo nilisikia Fondo anakuja, nikaitupa sigara bila ya kuizima."

Bi Margret aliketi kitini taratibu. Kwanza akamwita Fondo.

"Mwanangu, nisamehe. Nimekuhukumu kwa jasho la kazi ya mama yako. Rudi darasani." Kisha akamwambia Anwar, "Wewe nifuate."

Akampeleka uwanjani, walikoketi watoto wa chekechea. Mmoja alikuwa bado anakohoa mapajani mwa mwalimu wake, macho mekundu. Anwar alishindwa kumtazama.

"Moshi hauna adabu," Bi Margret akasema. "Ukiutoa wewe, unaingia kifuani mwa mtoto asiyekukosea kitu. Ndiyo maana hapa havuti mtu, awe mwanafunzi, awe mwalimu, awe mzazi. Utaadhibiwa, na utasaidiwa mpaka uache. Ila kosa la sigara ni moja. La kumwacha mwenzako abebe mzigo wako ni jingine, na hilo halifunikwi kwa udi."

Jioni wakarudi nyumbani. Njia nzima Anwar alimtangulia dada yake. Walipofika mlangoni akasimama.

"Utamwambia Mama?"

"La. Utamwambia wewe," Swabra akajibu, na akamshika mkono. "Mimi nitakaa karibu yako mpaka umalize."

Wakapiga hodi, wakaingia.