Fimbo ya Kutembelea Mwezini

"Fimbo haivuki ziwa. Umenielewa, Saba?"

"Nimekuelewa, Mkuu."

Redio ikanyamaza sikioni. Hasna, ambaye kazini ndiye Saba, akavuta mtandio hadi kwenye nyusi, akashuka mwaloni Katonga, maboti ya ziwani yanapotia nanga, jua likianza kuchoma. Glock 19 ilikuwa kiunoni, chini ya kitenge.

Fimbo hiyo mhandisi Eliakimu aliihangaikia miaka tisa. Mwanaanga akiishika mwezini, inapapasa vumbi mbele yake na kumtetemesha kiganja kabla hajakanyaga shimo. Ilikuwa moja tu. Jana iliibwa karakanani kwake, Buzebazeba. Ikifika Kongo, hairudi ng'o.

Na Hasna alikuwa na lake. Kwao Ujiji walikwisha kumsomea hitima, mwaka wa tatu sasa. Maadui zake wakijua yu hai, watamfuata mama yake.

Maboti matatu yalikuwa yakipakia. Akapita akiuliza bei kama mnunuzi. La kwanza lilibeba saruji, la pili mawese. Kwenye la tatu, jamaa mtanashati akamwambia ana magunia ya dagaa, eti mwenyewe kavua usiku.

"Usiku wa kuamkia leo, kaka?"

"Wa leo hii, dada."

Hasna nusura acheke. Usiku huo mwezi ulikuwa mpevu! Mbalamwezi ikiwaka vile dagaa hawafuati taa, na wavuvi wote hulala majumbani kwao. Huyu katokea wapi?

Jamaa akamsoma machoni. Akarukia botini, akavuta kamba ya injini. Yamaha ikanguruma.

Hasna akatimua mbio katikati ya vichanja vitupu vya kuanikia dagaa.

Akachomoa Glock. Risasi moja.

Injini ikazima. Jamaa akainua mikono, na askari kanzu wakatokea katikati ya wachuuzi, wakamfunga pingu. Ndani ya gunia mlikuwa na pumba, na chini ya pumba, fimbo.

"Saba?"

"Ninayo."

"Ondoka."

Akageuka. Kando ya kichanja alisimama Bi Mwasiti, mama yake mzazi. Amezeeka, jamani. Hasna alitamani kumwangukia kifuani.

"Binti," mama akasema taratibu, "unakimbia kama marehemu mwanangu."

"Umenifananisha, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Hasna akaondoka bila haraka, akiikongojea fimbo ya Eliakimu. Haikutetemeka hata mara moja. Ardhi ilikuwa ngumu mpaka barabarani. Hata hivyo alijikwaa mara mbili.