Majina Thalathini na Moja

Mwili wa Abdulhalim ulikutwa saa moja asubuhi, ndani ya chumba cha barafu cha ghala la samaki, Mbaraki. Alikuwa ameukwaruza mlango mpaka kucha zikang'oka.

"Amonia," daktari wa polisi alisema. "Bomba la kupozea limepasuka. Mapafu yameungua."

Inspekta Masha aliukagua mlango. Upande wa ndani, chini ya ukoko wa barafu, palikuwa na kitufe cha kuufungulia. Alikibonyeza. Mlango ukafunguka.

Latif, meneja, alileta karatasi. "Wote walifunzwa mwezi jana. Gesi, bomba, kitufe. Kila mmoja ametia sahihi."

Masha alitazama kitambulisho cha marehemu. Sahihi yake ilikuwa ya herufi za Kiarabu. Kwenye karatasi ilikuwa ya herufi za Kizungu.

Mchana alikwenda Bondeni kwa Ruweida, mjane wa marehemu.

"Pole sana, Bi Ruweida. Mumeo aliandika Kizungu?"

"Hakuandika kamwe. Alisoma chuo cha Kurani tu, kwa maalimu."

Aliyekusanya sahihi ni Jaffar, mwakilishi wa wafanyakazi katika kamati ya usalama. Akaitwa kituoni.

"Mafunzo yalifanyika lini?"

"Hayakufanyika."

"Nani aliandika majina haya?"

"Ni mimi."

"Yote?"

"Yote thalathini na moja."

"Bomba ulijua lina kasoro?"

"Tangu Ramadhani. Nilimwambia Latif. Akanambia watu wakijua watagoma, ghala lifungwe. Akanipa karatasi."

"Wenzako walikuchagua uwasemee."

"Walinichagua kwa kuwa nilikuwa nikisema. Nimefukuzwa kazi mara mbili kwa kusema, Afande. Mara hii niliogopa. Abdulhalim ndiye aliyenipendekeza."

Latif naye alikamatwa, akakana kila kitu. Jina lake halikuwamo popote kwenye karatasi ile, na wakili wake akamtoa siku hiyohiyo. Jaffar alibaki rumande.

Siku ya tatu ghala lilifunguliwa tena. Masha alisimama langoni. Nana, mpakiaji samaki, alikuwa akivaa mabuti yake ya mpira.

"Dada, mmeonyeshwa namna ya kutoka gesi ikivuja?"

Nana alivuta buti la pili.

"Tumeambiwa tusizungumze na polisi," alisema, akaingia ndani.