Gauni Lililombana Twiga

Saa tisa alasiri, siku ya Jumamosi, zipu ya gauni la zambarau ilikwama katikati ya mgongo. Haikupanda wala haikushuka. Msichana aliyekuwa ndani ya gauni hilo alijaribu kuvuta pumzi, akaona nafasi ya pumzi imekwisha.

"Usipumue," alisema mdogo wake, aliyesimama juu ya kitanda nyuma yake, ameing'ang'ania zipu kwa mikono miwili.

"Nisipopumua nitakufa."

"Basi pumua baadaye."

Nyumbani na shuleni msichana huyo aliitwa Twiga. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na katika mwaka uliopita alikuwa amerefuka kama mtu anayetafuta kitu darini. Shingo ilitangulia, mikono ikafuata. Mabega yalikuja mwisho, lakini yalikuja kwa nguvu. Nguo zake hazikupata habari hizo.

Nguo zenyewe zilikuwa nyingi. Kabati alilotumia na mdogo wake lilikuwa limejaa hadi mlango ulizuiwa kwa kiti. Nyingine zilitoka kwa mama mkubwa, nyingine kwa mabinamu waliokwisha kuzivaa, na nyingi zaidi zilishonwa na shangazi. Katika zote hizo Twiga alivaa sketi moja ya kaki na shati moja kuukuu la baba yake. Kila siku isiyokuwa ya shule alisimama mbele ya kabati hilo muda mrefu. Aliyemwona alidhani anachagua. Kumbe alikuwa anatafuta pa kutokea.

Jumamosi hakukuwa na pa kutokea. Akishamaliza kufua sare na kupiga deki, alikwenda kumsalimu shangazi dukani kwake. Katika familia yao ilijulikana kwamba ukienda kwa mtu aliyekushonea, unakwenda umevaa alichokushonea.

"Mama, gauni linanibana," alisema Twiga alipofika sebuleni. Alitembea kama aliyebeba maji kichwani.

Mama yake alikuwa anapiga pasi. Hakuinua macho. "Vumilia, ni kwenda na kurudi. Shangazi yako anawashonea bure, baada ya kazi za wateja. Mtu akikupa kitu, unapokea kwa mikono miwili."

"Mikono yenyewe hainyanyuki."

Mama alimtazama, akacheka kidogo, kisha akaiona zipu. Akachukua sweta juu ya kiti. "Vaa hili juu. Hakuna atakayeona."

Nje jua lilikuwa kali. Rafiki yake, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa anamngoja mlangoni. Huyo aliitwa Redio, kwa sababu hakuna mwalimu aliyewahi kupata kitufe cha kumzima.

"Mbona unatembea kama ubao?" Redio aliuliza.

"Sina nafasi ya kutembea vingine."

"Vua sweta basi."

"Siwezi. Zipu imekwama."

Redio alizunguka nyuma, akachungulia ndani ya sweta, akarudi mbele. "Leo si ndiyo siku shangazi yako anakata kile kitambaa cha kijani?"

Ndiyo siku hiyo. Twiga alikuwa amechaguliwa kuongoza kwaya siku ya kufunga shule, na mwalimu wa muziki alikuwa amesema jambo moja tu: mikono ipande juu ya kichwa, la sivyo mstari wa nyuma hautaiona. Kwa ajili ya siku hiyo mama yake alikuwa ametoa kitambaa cha kijani alichokihifadhi kwa muda mrefu. Kilitosha gauni moja, na dukani kiliponunuliwa kilikuwa kimekwisha. Shangazi angekikata kwa vipimo alivyokuwa navyo. Na vipimo alivyokuwa navyo ndivyo vilivyokuwa vinambana Twiga wakati huo.

"Mwambie ukweli," alisema Redio.

"Kila mara nimemwambia limenikaa vizuri. Leo nitaanzia wapi kusema vibaya?"

"Sawa. Siku ya kwaya utaongoza kwa kope."

Twiga hakucheka, kwa kuwa kucheka kulihitaji pumzi.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Zamani kidogo binamu yake mkubwa aliwahi kumwambia shangazi kwamba mkono wa gauni ni mfupi. Shangazi akajibu, "Sawa," akalichukua gauni. Tangu hapo hakuonekana kumshonea binamu huyo kitu kingine. Kwenye kila sherehe ya familia kulikuwa na mtu wa kueleza kwa nini: binti ana dharau, huyo. Twiga aliyasikia maneno hayo tangu alipokuwa mdogo, na aliyahifadhi kuliko alivyohifadhi jedwali la kuzidisha. Kwa hiyo shangazi alipouliza, "Imekukaaje?" yeye alijibu, "Imenikaa vizuri, shangazi. Asante sana." Urefu wake shangazi aliuona kwa macho na kuuongeza. Upana aliuuliza, na jibu lilikuwa lile lile.

Duka la shangazi lilikuwa chumba kimoja kando ya barabara. Meza ya kukatia ilichukua karibu chumba chote, na aliyetaka kufikia cherehani dirishani alipita ubavu ubavu. Ukutani, kwenye misumari, zilining'inia karatasi za kaki zilizokatwa kwa umbo la kila mtoto wa ukoo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na Redio? Karibu, mama, lakini leo tupunguzie sauti." Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimtazama Twiga. "Sweta la nini?"

"Nasikia baridi."

Shangazi alitazama nje, ambako mbwa alikuwa amelala kivulini, ulimi nje. Alitandaza kitambaa cha kijani juu ya meza, akakinyoosha kwa viganja, akatungua karatasi ya Twiga na kuiweka juu yake.

"Lile la zambarau limekukaaje?"

"Limenikaa vizuri, shangazi."

Maneno yalitoka yenyewe, kwa mazoea. Shangazi akashika chaki na kuanza kuchora kuifuata karatasi. Mstari ulipita kiunoni, ukapanda ubavuni, ukafika kwenye kwapa. Twiga aliliangalia tundu la kwapa likichorwa. Lilikuwa dogo, kama lile lililokuwa linamkata wakati huo. Akajaribu kuinua mikono taratibu kando ya meza. Ilifika usawa wa mabega, ikagoma. Akasukuma kidogo, na mahali fulani chini ya sweta uzi ukakatika.

Redio aliusikia. Alitazama dari, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alinyamaza.

Shangazi alichukua mkasi. Aliupitisha upande wa chini wa mkasi chini ya kitambaa, akauinamisha.

"Shangazi, usikate."

Mkasi ulibaki wazi. "Kwa nini?"

Twiga alitamani kurudi nyuma, lakini nyuma kulikuwa na ukuta na mbele kulikuwa na meza. "Gauni halikunikaa," alisema. "Hata la kabla yake. Nilikuwa nasema uongo."

Kisha, kwa kuwa maneno mengine hayakuja, alivua sweta, akageuka.

Pikipiki ilipita barabarani. Shangazi aliuweka mkasi mezani, akasogea, akautazama mgongo wa gauni kwa makini, kama fundi anavyotazama kazi iliyoletwa kurekebishwa.

"Linabana tangu lini?"

"Tangu siku uliyonipa."

"Na lile la maua?"

"Lile nililivaa mara moja."

"Ulikuwa unaogopa nini?"

Twiga aliujibu ukuta. "Kwamba hutanishonea tena. Kama ulivyomfanyia binamu."

Shangazi alivua miwani. "Binamu yako aliniambia mkono ni mfupi. Kweli, ulikuwa mfupi. Nikalichukua gauni nikauongeza. Yeye akaenda kusoma mbali, hajalifuata mpaka leo. Liko kwenye boksi hapo chini ya meza." Aliivaa miwani tena. "Na nani amesema nilikataa kumshonea?"

Jibu la kweli lingekuwa ukoo mzima.

"Haya. Usitikisike."

Shangazi alichukua wembe, akafumua mshono wa ubavuni, uzi baada ya uzi, kuanzia kwapani kushuka. Gauni lilipoachia, Twiga alivuta pumzi ndefu mpaka akakohoa. Shangazi akampa shuka ajifunge na kumwambia avae sweta tena. Kisha akatoa futi shingoni mwake, akampima mabega, kifua, kiuno na mikono. Kila alipopima aliguna.

"Karatasi hii ni ya mtoto mwingine," alisema mwishowe. Aliikunja. "Itamfaa mdogo wako. Leo sikati kitu. Kesho nakuja kuliona hilo kabati."

"Mimi niliwahi kumwambia aseme," Redio alisema.

"Najua, mama. Nilishangaa ulivyonyamaza."

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, shangazi alifika na futi lake. Aliondoa kiti, mlango ukafunguka wenyewe, na nguo chache zikaanguka miguuni pake. Zote zikawekwa kitandani. Kisha akatoa sharti: kila nguo ivaliwe, na aliyeivaa ainue mikono, aketi, achuchumae. Isiyoruhusu hayo matatu isirudi kabatini.

Twiga alivaa na kuvua mpaka jasho likamtoka. Sketi ya mama mkubwa iliruhusu kusimama tu. Suruali ya binamu ilikataa kuketi. Blauzi nyeupe ilikubali yote, ila ilimfanya aonekane amevaa mto. Rundo la zisizorudi lilikua, na mama akaanza kuhangaika mlangoni.

"Hiyo alipewa na mama mkubwa," alisema. "Akija akaulizia?"

"Ataambiwa imempata mtoto inayemkaa," shangazi alijibu bila kugeuka. "Wifi, nguo iliyofungiwa kabatini haimheshimu aliyeitoa."

Walipofika kwenye magauni yake mwenyewe, shangazi alianza kupunguza maneno. Yote yalikuwa na malinda mengi shingoni. Twiga alisimama mbele ya kioo ndani ya moja, kidevu kimezama kwenye malinda, na shangazi akauliza, safari hii polepole, "Limekukaaje?"

Mama alikohoa. Twiga alimtazama, kisha akatazama kioo.

"Nashukuru kwa kunishonea," alisema. "Kifuani linabana. Na malinda haya yananifanya nijione kama nimeingizwa shingo kwa nguvu."

Mdogo wake alicheka mpaka akaketi chini. Shangazi alitafakari. "Niliyaweka ili kuificha shingo. Nilisikia wanakuita Twiga, nikadhani hupendi."

"Jina la Twiga sina shida nalo. Nina shida na malinda."

"Vaa lile shati la baba yako."

Twiga alilivaa. Lilikuwa limepauka, na halikuwa na pambo lolote. Kola yake ilikuwa wazi, na mabega yake yalikaa palipokuwa na mabega. Shangazi alilivuta kidogo huku, akalibana kidogo kule, akarudi nyuma hatua chache. Shingo ndefu ilikuwa imesimama ndani ya kola ile bila kuomba radhi. Hata mama aliacha kukohoa.

"Hii ndiyo inayokupendeza," alisema shangazi. "Shingo wazi, bega pana, bila mapambo. Kumbe jibu lilikuwa kabatini siku zote, limefunikwa na zawadi."

Zilizorudi kabatini zilikuwa chache. Nyingine zilifungwa mafurushi, kila furushi kwa mtoto ambaye lingemfaa.

Kabla ya kuondoka, shangazi aliketi kitandani, palipokuwa sasa na nafasi ya kuketi, akamweka Twiga karibu yake.

"Sikiliza, mwanangu. Mama yako hakukosea kukufundisha kushukuru. Lakini shukrani ni ya aliyeshona, na jibu la 'limekukaaje' ni la nguo. Usiyachanganye. Nikikuuliza, siombi sifa, natafuta kipimo. Ukiniambia vizuri wakati unabanwa, narudia kosa lile lile kila nikishika mkasi, na anayeumia ni wewe. Ukweli useme kwa adabu, na useme mapema, kitambaa kikiwa bado kizima."

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe, wifi."

"Mimi tena?" mama alisema.

"Mtoto alikuambia anabanwa, ukamwongezea sweta."

Mama akacheka. "Hilo nimelisikia. Pole, mwanangu."

Katikati ya wiki shangazi alikikata kitambaa cha kijani kwa karatasi mpya. Twiga alipolijaribu gauni dukani, alisema bega la kushoto linavuta kidogo. Shangazi alisema, "Asante," akafumua bega hilo akalishona upya huku Twiga akimngoja.

Siku ya kufunga shule Twiga alisimama mbele ya kwaya, ndani ya gauni la kijani lenye kola wazi. Aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa. Mstari wa nyuma uliiona, na kwaya ikaanza kuimba.