Nilishuhudia Nimepona, Rafiki Yangu Akaniamini

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, naishi mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga na watoto wangu watatu.

Nilisoma ngumbaru, shule ya watu wazima, jioni, na masomo hayo ndiyo yalinipatia kazi ya kutunza sungura kwenye maabara moja ya utafiti. Sungura hao wanavutishwa moshi kidogo kidogo, ili madaktari wajue kwa nini koo likishavimba linakataa kupona. Mimi nawalisha, nasafisha vizimba, halafu naandika: huyu anakula, huyu anakoroma.

Siku moja nikasikia mkoromo mbaya. Nikainama kizimba baada ya kizimba. Wote kimya! Aliyekuwa anakoroma ni mimi.

Sauti yangu ilikuwa imekwaruza miezi mitano. Nyumbani napikia jiko la vumbi la mbao, chumba kimoja, dirisha dogo, moshi hautoki. Daktari wa wale sungura akanionyesha koo la mmoja kwenye skrini. Jekundu, limevimba kama limemwagiwa maji moto!

"Mama Nekesa, hapa ni wewe tu hujapimwa," akasema akicheka. Kisha akaacha kucheka. "Enda hospitali."

Lakini kanisani kwetu, ukisema wewe ni mgonjwa, unaambiwa umekiri ugonjwa, umempa shetani kiti. Na mimi ndiye naongoza maombi ya akina mama! Jumapili hiyo nikanywa tangawizi na asali, sauti ikafunguka kidogo, nikasimama mbele. "Bwana asifiwe! Koo langu limepona!" Vigelegele vikajaa.

Mama Achieng', jirani yangu tunayeimba naye, alikuwa amekwaruza sauti kama mimi. Alikuwa na barua ya kuonana na daktari wa koo Jumanne. Akanikumbatia. "Dada, Mungu wako si ndiye wangu? Hata siendi tena."

Nikamwacha aende nyumbani hivyo hivyo.

Jumanne hiyo hiyo, nani alikuwa kwenye foleni ya hospitali, leso hadi puani asionekane? Mimi! Nikaambiwa kisanduku cha sauti kimevimba muda mrefu, lakini si kansa. Nikapewa dawa, nikaambiwa niache moshi.

Nikirudi, nikampata Mama Achieng' akifua mlangoni pake. "Umetoka wapi, mtu wa Mungu?"

"Sokoni."

Sokoni, na sina hata kitunguu mkononi!

Kila wiki nilisema nitamwambia wiki ijayo. Niliogopa akina mama, nikaogopa pasta, nikasahau kumwogopa Mungu. Mwishowe pumzi ikaanza kumkatika, ikabidi apelekwe hospitali. Ilikuwa kansa. Kisanduku chote cha sauti kikatolewa. Sasa anapumulia tundu shingoni.

Nilipiga magoti kando ya kitanda chake nikasema yote. Alinitazama sana. Akaandika kwenye simu, akanigeuzia: "Ungeniambia tu. Tungeenda pamoja."

Afadhali angenizaba kofi!

Jumapili iliyofuata nilisimama nikaufuta ule ushuhuda. Wengine waliguna. Mmoja akauliza eti nani ameniroga. Imani yangu sijaiacha, na siiachi. Lakini uoga umebaki... Kila asubuhi namwita Mama Achieng' kupitia ukuta wa mabati, kisha nangoja apige makofi mawili nijue yuko hai. Akichelewa kidogo, natoka mbio hadi mlangoni kwake.

Dada zangu, sauti ikikwaruza wiki tatu, omba, halafu uende upimwe. Na kama ulienda, tafadhali, sema ulienda!