Dakika Tisa za Chiriku

Kila alipotoka shule, Chiriku alibadili sare, akala, kisha akaenda karakana ya mama yake, fundi bati. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Wiki moja alikuwa na kazi ya maana. Wataalamu wa chuo kikuu walikuwa wamebuni jiko la kuni lisilotoa moshi, nao walitafuta mafundi wa kuwapa leseni ya kulitengeneza na kuliuza. Mama, aliyechoka kuziba ndoo za watu, aliitamani sana leseni hiyo. Alipewa michoro na karatasi ya maelekezo, akatengeneza jiko moja la majaribio. Kwa siku tano lilipaswa kuchemsha lita mbili za maji, na muda uandikwe daftarini. Kazi ya kutazama saa alipewa Chiriku.

Siku zote tano maji yalichemka kwa dakika tisa. Mama akawa anatembea kifua mbele.

Walipokuwa wakimsubiri mhandisi wa chuo, Chiriku aliisoma karatasi ya maelekezo mpaka chini kwa mara ya kwanza. Mstari wa mwisho ulisema sufuria isifunikwe. Yeye alifunika kila siku, kama mama alivyomzoesha jikoni kwao ili kuni zisiishe bure.

Mhandisi alifika, akapekua daftari, akauliza hili na lile. Chiriku kimya, na mama akamtupia jicho, maana haikuwa kawaida yake. Chiriku aliogopa kumkosesha mama leseni, lakini kunyamaza kulimkaba zaidi.

“Mama, nisamehe. Nilikuwa nafunika sufuria.”

Mama akaketi juu ya debe. Mhandisi hakumkemea mtu. Aliomba maji, jiko likawashwa, na wote watatu wakaikodolea macho sufuria iliyo wazi. Dakika kumi na mbili.

“Hata sisi chuoni tunapata kumi na mbili,” alisema mhandisi akitabasamu. “Zile tisa zilinitia shaka. Nilidhani mmepika hesabu, na nilikuwa natafuta namna ya kuwaaga. Sasa leseni ni yenu.”

Mama alimvuta Chiriku kifuani.

“Mwanangu, soma maelekezo yote kabla ya kuwasha moto. Na ukikosea, sema. Kosa likisemwa hurekebishwa, likifunikwa huchemka mpaka likamwagika.” Kisha akacheka. “Ila jikoni kwangu, sufuria utafunika.”